Miaka ya Shibe Haina Jina

19 Oktoba 2024

Nimepata kazi ya wiki sita, na nimeipata kwa mwandiko wangu. Watu wa utafiti wa kaya walitaka mwalimu anayeijua kata, anayesikia Kisukuma na anayeandika namba zikasomeka. Mwalimu mkuu akawaambia, "Chukueni Scolastika, huyo hata orodha ya chumvi na sabuni anaipigia mstari kwa rula." Alikuwa ananitania, lakini nimefurahi. Nimekaa hapa Kishapu miaka saba, mimi Msumbwa wa Ushirombo, na sasa nitaingia kila nyumba.

Kazi yenyewe: kuandika kila mtu na umri wake. Wengi hawajui tarehe waliyozaliwa, kwa hiyo kwanza natengeneza kalenda ya matukio. Unamwuliza mtu, "Ulizaliwa kabla ya jambo gani, au baada yake?" Halafu unahesabu. Ni hesabu ya darasa la tatu.

22 Oktoba

Mzee Kamili amenipa nusu ya kalenda. Ni mfugaji, ana ulimi mrefu na ng'ombe kumi na wanane. Kuhamia vijijini, vita vya Kagera, kipindupindu, mvua za Elnino, na nzala ya foleni, yaani ile njaa ya mwaka 2006 watu walipopanga mstari kungojea mahindi ya msaada. Hiyo kila mtu anaikumbuka. Wanakumbuka hata nani alisimama nyuma ya nani.

Nikamwuliza, "Na baada ya hapo, baba? 2007, 2008, 2009?"

"Hapo hakuna kitu, mwalimu. Hapo tulikula tu."

Nimeacha nafasi wazi kwenye fomu. Nilitaka kumcheka, nikajizuia. Watu hawa wanashika njaa na maradhi, wakivuna vizuri wanasahau.

25 Oktoba

Joto. Kaya tisa.

2 Novemba

Kaya kumi na nne leo! Sijawahi kufanya kazi kwa kasi hii. Nimejifunza njia ya mkato: majina. Wasukuma humwita mtoto kwa yaliyotokea siku ile. Wa mvua ni Mabula, wa njaa ni Mayala. Jina tayari ni nusu ya cheti.

Kwa jirani yangu Ngassa sikumkuta mtu mzima. Ngassa na mwanawe mkubwa walikuwa wamepeleka ng'ombe kunywa maji, na mkewe Ngassa, Nyamizi, alikuwa mnadani. Wadogo walikuwepo, nao hawajui lolote. Wale wanne wa chini wana kadi za kliniki, nikaziona. Mkubwa, Mayala, hana. Huyu nilimfundisha darasa la saba, mrefu, mtaratibu, hesabu zake mbovu. Sikuwa na haja ya kurudi kesho. Mayala ni mtoto wa njaa, na njaa iliyo karibu ni ya foleni. Nikaandika: Februari 2006, miaka 18.

9 Novemba

Hakuna mvua. Mtendaji wa kijiji, Ignas, amenakili fomu zangu zote kwenye daftari lake la wakazi. Anasema hajawahi kupata orodha safi kama hii. Namheshimu Ignas, ni mtu wa utaratibu, karatasi zake hazina mikunjo.

18 Novemba

Imenyesha! Usiku kucha na asubuhi. Kijiji kizima kiko shambani, hata shuleni nimebaki na watoto kumi na moja. Nyamizi alinipita na jembe begani, akanisalimu, "Mwangaluka, mwalimu! Leo hakuna shule, leo ni pamba!"

1 Desemba

Siku kumi na mbili bila tone.

4 Desemba

Pamba iliyochipua imeungua. Nimetembea kwenye shamba la Ngassa, mistari imenyooka vizuri, na kila mche umekauka kama jani la tumbaku. Ngassa alikuwepo. Alichuchumaa, akafukua mbegu moja kwa kidole, akaifunika tena.

Mayala ameondoka leo kwenda machimboni, upande wa Msalala. Alikuja kuniaga. "Shikamoo, mwalimu. Naenda kubeba mawe, nikipata mahindi nirudi." Nikamwambia asishuke mashimoni. Akasema hashuki, anaogopa giza.

13 Desemba

Mayala amekamatwa.

Naandika nilivyosikia kwa Ngassa, aliyepigiwa simu na kijana wa hapa aliyeko huko. Vijana saba walivamia kalasha ya tajiri mmoja, pale wanaposagia mawe ya dhahabu, wakachukua mifuko ya mchanga uliokwisha sagwa. Mlinzi alikatwa panga mkononi. Aliyekata si Mayala, hilo wanasema wote. Mayala alibeba mfuko. Alikuwa machimboni siku ya sita, hajalipwa hata kwa siku moja, wakamwambia njoo ubebe. Walinzi wengine walipofika wale sita walikimbia, yeye alikuwa bado na mfuko kichwani.

Ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana. Mtu mzima akitiwa hatiani ni miaka thelathini.

Nilimwambia Nyamizi, nikamshika mkono kabisa, "Mama Mayala, usife moyo. Huyu ni mtoto. Mtoto hafungwi hivyo, atakabidhiwa ustawi wa jamii. Ana miaka mingapi?"

Akasema, "Kumi na sita."

Nilirudi nyumbani nikafungua nakala ya fomu zangu, ingawa nilikuwa najua nilichoandika.

14 Desemba

Nimeenda kwa Ignas saa moja asubuhi kumwambia arekebishe daftari. Nimechelewa. Polisi walimpigia jana kutaka uthibitisho wa umri. Alifungua daftari, akasoma, akaandika barua, akapiga muhuri, akaituma kwa bodaboda.

"Basi futa, Ignas. Nilikosea mimi. Sikuuliza mtu."

"Nikifuta leo, mwalimu, ni mimi nitakayelala ndani. Watasema nimeghushi kumwokoa mtoto wa kijijini kwangu."

Utaratibu wake ule ule nilioupenda. Na hakusema uongo.

15 Desemba

Nimemwambia Nyamizi. Nilijiandaa kwa matusi. Alikuwa anapepeta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaendelea kupepeta.

"Huyu ni Mayala wa babu yake," alisema. "Baba yake Ngassa aliitwa Mayala. Alipokufa tu, mimba yangu ilikuwa changa, wakasema akiwa mwanamume arudi mzee. Jina la njaa lilikuwa la mzee, njaa za zamani huko. Huyu wangu hakuonja njaa. Nilimzaa tunavuna mtama, mwaka wa pili baada ya foleni, ghala limejaa hadi tukaazima vihenge."

"Ndiyo 2008," nikasema.

"Mimi sijui namba. Ungeniuliza, mwalimu. Nilikuwa mnadani tu, jioni nilirudi."

Nimelia nikiwa njiani mchana kweupe, na sikujali nani ananiona.

25 Desemba

Noeli. Jua.

8 Januari 2025

Nimekwenda mjini na Ngassa na Nyamizi. Mahakamani wakili wa msaada wa kisheria alisimama akasema mshtakiwa ni mtoto. Hakimu, mama mtaratibu mwenye miwani, akasema sawa, kabla ya kitu kingine mahakama itachunguza umri. Leteni vielelezo. Nilitaka kumpigia magoti kwa kushukuru. Mayala alikuwa amesimama kizimbani na wakubwa wawili wa kesi nyingine, na amewapita urefu wote wawili.

9 hadi 20 Januari

Nakusanya vielelezo. Naandika kwa mafungu maana nachoka.

Cheti cha kuzaliwa hana. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa pamoja na sanduku la Nyamizi. Alizalia nyumbani, mkunga alikuwa mama mkwe wake, marehemu. Zahanati daftari za zamani hivyo hawana. Ubatizo hakuna, Ngassa na watu wake si wa kanisani.

Kaburi la Mzee Mayala: tumelifikia. Kama tarehe ya kifo ingekuwepo, tungemhesabu mtoto kutoka hapo. Ni rundo la mawe na mti wa mnyaa. Nyamizi alizunguka mara mbili akitafuta maandishi ambayo anajua hayajawahi kuwepo. Nami nikazunguka nyuma yake.

Rejista ya shule yetu: hii ilinipa furaha ya siku mbili. Darasa la kwanza 2015, Mayala Ngassa, umri 7! Nikapiga yowe ofisini. Kisha nikaangalia mistari mingine. Watoto arobaini na watatu, wote umri 7. Mwalimu wa zamani aliandika 7 kwa wa kwanza, halafu akashusha alama za "kama hapo juu" mpaka mwisho wa ukurasa. Walipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la pili, umefikisha saba. Yumo hata Jenifa, binti wa Kamili, ambaye mwaka ule alikuwa na kumi na mbili na kila mtu anajua.

22 Januari

Kipimo cha mifupa kilichoagizwa na mahakama: kati ya 17 na 19. Wakili amesema hata kipimo kinatuumiza. Nikamwuliza kijana wa miaka kumi na sita na nusu anawezaje kuwa na mifupa ya kumi na saba. Ngassa ndiye aliyejibu, na ni sentensi yake ya kwanza ndefu tangu Desemba: "Alikunywa maziwa sana, mwalimu. Miaka ile ng'ombe walikuwa na maziwa mpaka tukawa tunawapa mbwa."

30 Januari

Hakuna mvua. Ng'ombe wawili wa Kamili wamekufa. Shule tumefungua na watoto wanalala juu ya madawati kwa njaa. Nafundisha, sifundishi.

6 Februari

Wakili anasema tunahitaji tukio. Jambo lolote lililotokea mwaka ule, linalojulikana na watu, ili mama aseme "nilimzaa siku ile" na mtu mwingine athibitishe. Nimezunguka nyumba hadi nyumba kama mwezi wa kumi, ila safari hii nauliza swali moja: nini kilitokea 2008? Wananitazama kwa huruma. Mmoja alisema, "Nilioa." Mwingine, "Nilijenga hii nyumba." Wapi imeandikwa? Hakuna. Kila mtu alikuwa kwake, anakula, anajenga, anazaa. Laiti wangekuwa na kolera kidogo mwaka ule! Nimeandika hivyo na sifuti, ndivyo nilivyowaza.

10 Februari

Kamili amekumbuka! Siku ileile Nyamizi alipojifungua, ng'ombe wake alizaa ndama pacha, na watu walikuja kuwaangalia kutoka vijiji vitatu. Atakuja mahakamani.

20 Februari

Kamili alivaa koti. Alieleza habari ya wale ndama vizuri mno, rangi zao, nani alikuja, nani aliogopa akataka wafanyiwe tambiko. Hakimu akamwacha aseme yote. Mwendesha mashtaka akasimama na swali moja.

"Mzee, ndama hao walizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka ule aliozaliwa huyu Mayala wa Ngassa."

Watu wakacheka. Hata Mayala alicheka kidogo, nikamwona. Kamili hakuelewa wanacheka nini, akageuka kuniuliza kwa macho kama amekosea. Hakukosea, masikini. Ndivyo anavyojua.

Halafu akapanda Nyamizi.

"Mama, mwaka huo kulitokea nini?"

"Hakukutokea kitu, mheshimiwa."

"Fikiri, mama. Ugonjwa? Ukame? Kifo cha mtu mkubwa?"

"Hapana. Tulivuna mtama. Baba yake alininunulia khanga. Tulikula, tukalala."

Hakimu aliandika. Kalamu yake ilisimama muda mrefu. Nadhani alitaka kusaidia. Lakini angeandika nini? Angeandika kwamba walilala?

Nilikuwa nikidhani Nyamizi ni mama mzembe asiyejua hata mwanawe amezaliwa lini. Mwaka jana niliandika humu kwamba watu hawa wakivuna vizuri wanasahau. Anajua kila kitu cha siku ile: mtama ulivyonuka, khanga ilikuwa na maua gani, mama mkwe aliimba nini. Mimi ndiye sijui mahali pa kuviandika.

2 Machi

Mahindi ya msaada yanasemekana yatakuja. Watu wameanza kulinganisha: huu ni kama foleni, huu umezidi foleni. Wanabishana, na wanapobishana wanachangamka kidogo.

13 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu.

Kielelezo cha upande wa mashtaka ni fomu yangu. Ilinyanyuliwa mbele ya watu, na mwandiko wangu ulisomeka mpaka nyuma. Wakili wetu alinisaidia kueleza: sikuuliza mtu, nilikisia kwa jina, nilikosea. Nilisema mara mbili kwamba nilikosea. Nikadhani nimemaliza.

Mwendesha mashtaka ni kijana, labda niliwahi kufundisha wa umri wake. Hakuwa na ukali wowote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Novemba ulipoandika umri huu, ulikuwa unamwonea mshtakiwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikutuma? Ulikuwa na faida yoyote?"

"Hapana."

"Na leo, unamwonea huruma?"

Nilisema ndiyo.

"Kalenda hii ya matukio umeitengeneza wewe. Kati ya 2006 na 2010 kuna nini?"

"Pako wazi."

"Mwalimu, katika kijiji chenu mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa anaitwaje?"

Wakili alipinga, hakimu akasema ajibu. Chumba chote kilikuwa kinajua jibu. Mayala mwenyewe alikuwa akinitazama, na nilifikiri kwa ujinga kabisa: nikae kimya tu. Nikikaa kimya watafanya nini?

"Mayala," nikasema.

"Asante, mwalimu. Sina swali jingine."

Nje, Nyamizi alinipa maji. Nilitamani anipige kofi. Nilimwambia hivyo, nikamwambia, "Mama Mayala, nipige tu." Akasema, "Kunywa, ng'wanone, kunywa mwanangu. Basi letu liko karibu kuondoka."

21 Machi

Mvua kubwa, haina faida kwa mtu. Pamba haipo, mtama haupo, maji yanapita juu ya udongo mtupu na kuondoka. Watoto wanacheza ndani yake.

3 Aprili

Uamuzi. Hakimu alisoma kurasa sita. Kipimo cha mifupa hakikatai miaka kumi na nane. Rejista ya shule haiaminiki. Mashahidi wa familia ni wakweli kwa kadiri wanavyokumbuka, alisema hivyo hasa, lakini hawana tukio linaloweza kuthibitishwa. Waraka pekee ulioandikwa kabla ya kosa, na mtu asiye na upande, ni fomu ya utafiti. Siku ya kosa mshtakiwa alikuwa na umri wa miaka kumi na minane na zaidi. Kesi itaendelea kama ya mtu mzima.

Wakili anasema tusikate tamaa, kuna rufaa mwishoni. Lakini mlinzi amemtambua, mfuko ulikuwa kichwani, na yeye mwenyewe alikwisha kukiri kwamba aliubeba.

Ngassa aliuliza swali moja tu, aliniuliza mimi. "Hakimu amekuwa mbaya?" Nikasema hapana. "Yule kijana?" Hapana. "Ignas?" Hapana. Akatikisa kichwa. Nilingoja aniulize la nne, hakuniuliza.

9 Aprili

Msimamizi wa utafiti amepiga simu. Kazi yangu wameipenda, wanataka kuitumia kalenda yangu kama mfano kwa kata nyingine. Akaomba niongeze tukio la mwaka huu. Nikamwambia nimejitoa, atafute mwingine. Akadhani nataka nibembelezwe.

12 Aprili

Paskazia, jirani wa upande wa pili, amejifungua mtoto wa kike. Nimekwenda na sabuni. Wanawake walikuwa wamekaa wanazungumza, na mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hatasahaulika siku yake. Amezaliwa mwaka aliokamatwa Mayala." Wengine wakaitikia. Nyamizi alikuwepo. Alikuwa amempakata mtoto.

17 Aprili

Alhamisi Kuu. Nimekwenda gereza la mahabusu peke yangu. Ngassa alikuwa ana homa na Nyamizi hakuwa na nguvu ya safari ya tatu mwezi huu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu juzi. Nilitaka kumwomba msamaha kwa utaratibu, kama mwalimu.

Alitoka amenyolewa. Amepungua, na kwa kuwa amepungua uso umekuwa wa mtoto. Sasa ndiyo anaonekana mdogo. Tulitenganishwa na wavu, askari amesimama pembeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mayala. Nimekuja..."

"Mama hajambo? Mvua imenyesha?"

Nikamwambia hajambo, imenyesha. Nilianza tena maneno yangu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza darasani wakati haelewi. Halafu akasogea kwenye wavu.

"Mwalimu, nina swali la hesabu. Humu kila mtu ananiambia lake. Wakinipa hiyo thelathini, nikitoka nitakuwa na miaka mingapi? Wanasema arobaini na tisa. Mimi nikihesabu napata arobaini na sita, ila mimi hesabu nakosea. Zamani nilijua nina kumi na sita. Sasa nikiamka asubuhi sijui."

Askari alituangalia, akatazama pembeni.

Nikamwambia, "Arobaini na sita."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Ulizaliwa Juni 2008. Wewe ulihesabu vizuri, wao ndio wamekosea."

Akarudia kwa sauti ndogo, arobaini na sita, akikunja vidole. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza leo, akasema afadhali, maana mtu wa miaka arobaini na sita bado anaweza kulima.